Wakili Asiyetumwa

Kila mwaka, kabla wabunge wote hawajakusanyika Dodoma kwa Mkutano wa Bajeti, kamati za kisekta hukaa na wizara. Vikao hivyo havina mbwembwe za ukumbi mkubwa. Waziri huingia na katibu mkuu wake, wakurugenzi hufuata na mafaili, na kila mjumbe huwekewa mezani randama, lile kabrasha linaloeleza fungu kwa fungu na kasma kwa kasma fedha zinaombwa za nini. Mjumbe akipewa nafasi, mara nyingi huanza kwa kusema kwamba wananchi wake wamemtuma.

Kauli hiyo hainisumbui wanapojadili barabara. Hapo kweli kuna waliotuma: wenye malori, mkulima wa mahindi, mama wa nyanya anayelipa nauli mara mbili mvua zikinyesha. Inanisumbua pale kamati inapokuwa ya elimu au ya ustawi wa jamii. Mtoto aliyekaa sakafuni darasa la kwanza hakumtuma mtu. Ibara ya 5 ya Katiba ya 1977 inampa raia haki ya kupiga kura akitimiza miaka 18, na kati ya watu milioni 61.7 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022, karibu nusu walikuwa hawajaufikia umri huo. Sasa anayesema shule ya msingi ya kijiji fulani ina upungufu wa madawati ametumwa na nani? Na mzazi? Labda. Ila mzazi ana haja zake, na haja ya mzazi na ya mtoto hazilingani kila siku. Muulize binti aliyeachishwa masomo ili akalee wadogo zake.

Kuwakilisha ni neno lililozaliwa na wakili, na wakili ni mtu uliyemkabidhi jambo lako. Zanzibar wamelibeba neno hilo hadi mlangoni: mjumbe wa Baraza lao huitwa Mwakilishi. Wakili anaye aliyempa kazi. Akienda kinyume unamvua uwakili, unatafuta mwingine.

Watu wa pwani hawachanganyi wakili na walii, kwa sababu wanakutana nao wote wawili kwenye ndoa. Walii hatumwi. Ni baba, au babu, au kaka, na mamlaka yake yanatoka kwenye nasaba. Wakili ndiye anayetumwa. Walii asipoweza au asipotaka kuozesha mwenyewe, humkabidhi mwingine, mara nyingi sheikhe. Lakini hata walii, pamoja na mamlaka yote hayo, kuna mlango ambao hauruki. Kabla ya nikaha mtu huenda chumbani alimo bi harusi, na mashahidi, akamuulize kama ameridhia. Najua hoja za wanaosema ziara hiyo imekuwa ada tupu, na kwamba ukimya wa mwari husomwa kuwa ndiyo. Tutarudi kwenye ukimya huo. Kwa sasa nashika jambo moja tu, kwamba mwenye mamlaka asiyetumwa ndiye aliyewekewa sharti la kwenda kuuliza.

Kamati ya elimu, kwa maoni yangu, ni walii anayejiita wakili. Simtukani mtu. Mtoto wa miaka saba anahitaji walii. Hawezi kusoma randama, na asingekuwa na sababu ya kuipenda. Lakini anayejiona wakili huamini kwamba tayari kuna aliyemtuma, hivyo haoni la kumpeleka chumbani. Anazungumza kwa uhakika wa mtu aliyepewa maagizo, ilhali maagizo hayo ameyatunga mwenyewe njiani.

Tazama suala la wanafunzi waliopata mimba. Sheria ya Elimu ni ya 1978. Kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikasomwa humo. Mwaka 2016 Bunge liliifanyia sheria hiyo marekebisho: anayempa mwanafunzi mimba, au kumuoa, kifungo miaka 30. Waliounga mkono walisema wanamlinda msichana, na sina sababu ya kutowaamini. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, Rais John Magufuli akatamka hadharani mkoani Pwani kwamba aliyejifungua hatarudi shuleni katika utawala wake. Hoja ilikuwa ileile ya ulinzi, safari hii wakilindwa wale waliobaki darasani. Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako akatangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi.

Katika miaka yote hiyo huyo msichana alizungumziwa bila kikomo. Alikuwa na mawakili wa kila upande: viongozi wa dini, wanaharakati, wazazi, wabunge wa kike waliopinga na wabunge wa kike waliounga mkono. Wote walikuwa na mamlaka fulani juu yake, na wengi walimpenda kwa namna yao. Kuna waliomhoji kweli, wakaandika ripoti. Lakini zuio halikungoja ripoti, na ruhusa ilipokuja ilikuja kwa tangazo kama lilivyokuja zuio. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema kwa uwazi kuwa mtoto anayeweza kuwa na mawazo ana haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Bunge ndilo lililoitunga. Kwa lugha ya harusini, walii aliandika mwenyewe kwamba lazima aende chumbani, kisha akaozesha akiwa barazani.

Atakayenijibu atasema kamati hutembea. Ni kweli, hufanya ziara za kukagua miradi kabla ya kuchambua bajeti. Nimewahi kuona maandalizi ya ujio wa namna hiyo katika shule moja: choo kilipakwa chokaa, watoto wakafundishwa wimbo, na mwanafunzi mmoja mwenye sauti nzuri akapewa risala aliyoandikiwa na mwalimu. Risala ilisomwa vizuri mno. Ilieleza mafanikio, ikataja changamoto tatu, ikamaliza kwa kuwatakia wageni safari njema.

Turudi kwenye ukimya. Mwaka 2002, nchi ilipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ruzuku ya kila mwanafunzi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Ulipokuja Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, uliofuta ada na michango hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, kiwango cha shule ya msingi kilikuwa bado 10,000. Shilingi 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Karibu miaka 14, na katika miaka hiyo bei ya chaki, ya daftari, ya bati, ya kila kitu ilipanda. Walimu, ambao wana chama na wana kura, waligoma Julai 2012 mpaka mahakama ikawaamuru warudi kazini. Watoto hawakugoma. Kwenye vitabu vya serikali ukimya huo ulisomeka kama ridhaa, mwaka baada ya mwaka, wajumbe wakipitisha fungu na kuunga mkono hoja.

Nisiitegemee kura kupita kiasi. Wazee wanapiga kura, tena kwa uaminifu kuliko vijana, na bado hawapati sawa. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 au zaidi pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au la. Bara, ambako wazee wana kura vilevile, pensheni ya wote ilikaa miaka mingi kwenye ahadi. Kwa hiyo kura haimfanyi mtu asikike. Inampa kitu kidogo zaidi: uwezo wa kumvua mtu uwakili.

Mwanasiasa Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wa Bristol, Uingereza, mwaka 1774 kwamba mbunge hana wajibu wa kutii maagizo yao. Anachodaiwa nao ni busara yake. Hotuba hiyo hupendwa sana na wanasiasa, ambao kwa kawaida huishia hapo. Kilichofuata ni kwamba Bristol walichoshwa na busara hiyo, na mwaka 1780 Burke alipoona dalili za kushindwa akajitoa. Walii anaweza kuheshimika ikiwa kuna siku atakayoulizwa. Bristol waliipata siku yao.

Mtoto ataipata lini? Chukua aliyeanza darasa la kwanza Januari 2016, mwezi ule wa elimu bila malipo, madarasa yalipofurika. Ana miaka sita au saba. Akienda bila kukwama, anamaliza la saba 2022 na kidato cha nne 2026. Uchaguzi wa 2020 unampita, wa 2025 unampita. Uchaguzi mkuu wa kwanza kumfikia ni wa 2030, miaka 14 tangu wajumbe wa kamati walipojadili ruzuku yake. Jambo lenyewe litakuwa limekwisha. Huwezi kurudishiwa darasa la pili ukiwa na miaka ishirini.

Hapo hata ile desturi ya kushika shilingi inaishiwa nguvu. Mbunge asiporidhika na maelezo, husimama akatangaza kuzuia shilingi moja ya mshahara wa waziri. Ukumbi huchangamka, wengine huunga mkono, waziri huahidi, shilingi hurudishwa kabla ya chai. Ni mchezo mzuri wa watu waliopo wote.

Baadhi ya wanaokaa leo katika viti vya kamati hizo ni watoto wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi iliamua kwamba kila mtoto aingie darasani ifikapo 1977, na kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana waliomaliza la saba walipewa mafunzo ya haraka wakakabidhiwa chaki. Jina lao, walimu wa UPE, likageuka kejeli, kama walimu wengine wa mafunzo ya haraka walivyokuja kuitwa "voda fasta" miaka ya baadaye. Mwalimu wangu wa darasa la pili alikuwa mmoja wao. Alikosea majina ya mito, na ndiye aliyenifundisha kusoma. Sijui kama namdai mtu au nadaiwa, na hakuna kamati iliyowahi kuniuliza.

Huyo wa 2016 huenda akapiga kura yake ya kwanza katika shule aliyosoma, maana vituo vingi vya kupigia kura ni shule. Madawati yatakuwa yamesukumwa ukutani, kama yapo. Atatafuta jina lake kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni, ataingia, atafunua karatasi na kuanza kutazama picha za wagombea, moja baada ya nyingine, kama kuna anayemfahamu.