Dau ni Neno

Mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882, zilitolewa Zanzibar pesa za shaba kwa jina la Sayyid Barghash bin Said. Upande mmoja zina maandishi yenye jina la Sultani, na upande wa pili zina picha ya mizani. Pesa hiyo leo haimnunulii mtu hata kipande cha muhogo, lakini ina wapenzi wake. Inatafutwa na wakusanyaji, kama wanavyotafuta stempu za 1895, ambazo zilikuwa stempu za India zilizopigwa chapa ya jina la Zanzibar, baadhi yake zikatoka na kosa la herufi zikasomeka “Zanzidar”. Na kama wanavyotafuta zile zilizogongwa “JAMHURI 1964” juu ya stempu za utawala uliopinduliwa. Vitu hivi hunadiwa katika mtandao. Muuzaji huweka picha na maelezo, saa ikaanza kuhesabu, na wazabuni wakapandishiana bei bila ya kuonana nyuso.

Katika minada hiyo kuna jambo moja linalojirudia, ambalo kwa macho ni dogo, lakini ndani yake mna suala zito la maadili. Mtu hushinda, kisha halipi. Siku ya kwanza inapita, ya pili, ya tano. Hajakataa, wala hajakubali. Kanyamaza. Je, mtu huyu amekosa nini hasa? Na muuzaji ana haki gani juu yake, na wajibu gani kwake?

Tuanze na neno lenyewe. Wazee wetu wa mwambao walikuwa na kitenzi kimoja kizuri, kuzabuni, yaani kutaja bei mnadani. Mzabuni hatoi fedha papo hapo. Anachotoa ni kauli. Mnadani Darajani, samaki wanapolazwa chini na dalali akapaza sauti, anayeitikia bei hajafungua mkoba bado, lakini kila aliyesimama pale anajua kwamba amejifunga. Dalali anamjua, au anamjua anayemjua. Akikimbia leo, kesho atapita wapi?

Sheria nazo zimelitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 1789, mahakama ya Uingereza iliamua katika kesi ya Payne na Cave kwamba dau ni ombi tu, na mwenye kulitoa anaweza kulirudisha maadamu nyundo ya dalali haijaanguka. Kanuni hiyo ikaja kuandikwa katika sheria ya mauzo ya bidhaa ya 1893. Hekima yake iko wazi. Mwanadamu kapewa nafasi ya kujuta, na nafasi hiyo ina mpaka. Kabla ya nyundo, kauli ni yake. Baada ya nyundo, ni yao wawili. Katika mnada wa mtandao hapana nyundo, ipo saa. Inapotimia, kilichokuwa ombi huwa ahadi, na ahadi ni deni.

Hapo ndipo penye ugeni wa minada hii. Saa haina macho. Mtu anaweza kujifunga usiku wa manane, peke yake chumbani, kwa kubonyeza kidole, na baadhi ya wazabuni hupenda hasa kungoja sekunde za mwisho ili wenzao wasipate wasaa wa kuwajibu. Asubuhi hamu imekwisha, bei imebaki. Kwa kuwa hakuona uso wa mtu, ni wepesi kwake kudhani kwamba alijifunga kwa mashine, na mashine haidhulumiki.

Nani basi anayedhulumiwa? Wa kwanza ni muuzaji. Tuchukulie mjane wa Ng’ambo aliyeachiwa na mumewe kitabu cha stempu, na mpwa wake aliye ughaibuni akamnadia ili kipatikane cha kulipia ada ya chuo ya mwanawe. Mnada ukaisha vizuri, nyumba ikafurahi, kisha kimya. Ada ina siku yake. Kwa mshindi, wiki mbili ni kuchelewa kidogo tu. Kwa mjane, huenda ni mwaka mzima wa masomo. Anayechelewesha fedha za mtu anatumia muda wa mtu, na muda ni mali ambayo hakuna mnada unaoirejesha.

Wa pili husahauliwa na wengi, naye ni mzabuni aliyeshindwa. Ili kuona dhulma iliyompata, yafaa kuelewa namna minada hii inavyokwenda. Kila mzabuni huandika kiwango chake cha juu kabisa, na mtambo humpandishia kidogo kidogo, kiasi cha kumpita tu aliye nyuma yake. Tuseme wa tatu aliandika dola 40, wa pili dola 90, na wa kwanza dola 200. Wa kwanza atashinda kwa bei inayozidi 90 kidogo. Akitoweka, muuzaji hupewa ruhusa ya kumwendea wa pili na kumwambia: chukua wewe, kwa zile 90 zako. Lakini lau yule wa kwanza asingelikuwamo, wa pili angelishinda kwa bei inayozidi 40 kidogo tu. Kwa hiyo neno lisilo na mwenyewe limempandishia mwenzake bei kwa karibu dola 50, kisha likaondoka bila ya kulipa hata senti. Na pengine huyo wa pili, baada ya kushindwa, amekwisha kununua kitu kingine kwa fedha zile zile.

Wa tatu anayedhulumiwa ni mnada wenyewe. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha misingi ya maadili cha 1785, alitoa mfano wa mtu anayekopa kwa kuahidi kulipa, ilhali anajua kwamba hatalipa. Akauliza: je, inawezekana jambo hili liwe kanuni ya watu wote? Haiwezekani, kwa sababu siku ambayo kila mtu ataahidi hivyo, hapana atakayeiamini ahadi, na uwongo huo utakosa pa kusimama. Mzabuni asiye na nia ya kulipa anaishi kwa uaminifu wa wazabuni wengine, kama kupe kwa ng’ombe.

Lakini si kila aliyechelewa ni mwongo, na hapa hukumu inataka utulivu. Yuko anayengoja mshahara. Yuko aliyeshinda vitu vitatu kwa muuzaji mmoja na anangoja cha nne ili vyote vitumwe kwa gharama moja ya posta. Hilo ni jambo la kawaida baina ya wakusanyaji. Yuko aliyepatwa na maradhi au msiba. Katika fikihi, ambayo wengi wetu wa mwambao tumelelewa nayo, mwenye deni aliye katika dhiki hupewa muhula mpaka apate wasaa, na mwenye uwezo anayezungusha huhesabiwa kuwa ni dhalimu. Mgawanyo huo wa asiyeweza na asiyetaka ni wa haki, na ningependa kuongeza wa tatu: asiyesema.

Naongeza kwa sababu mnadani dhiki haiwi udhuru moja kwa moja. Aliyekopa unga alikuwa na njaa, na aliyekopa dawa alikuwa na mgonjwa. Hapana aliyelazimishwa na tumbo kununua pesa ya 1299. Ikiwa dhiki ilikuwapo kabla ya dau, basi dau lenyewe lilikuwa kosa. Ikiwa imemfika baada ya dau, anastahili huruma, lakini huruma haiwezi kumfikia mtu aliyejificha. Muuzaji atajuaje kwamba ni dhiki na si kiburi? Kwa hiyo deni la kwanza la mshindi aliyekwama ni kusema. Alichukua kitu kwa neno tupu. Akikosa fedha, neno bado analo. Aseme: nimeshinda, sina leo, nitakuwa nazo Ijumaa. Au aseme: nimeshindwa, niachilie, mwite mwenzangu. Yote mawili ni ya kiungwana. Kimya peke yake hakina pa kuwekwa.

Kwa upande wa muuzaji, wako wanaodhani kwamba wema ni kungoja bila ya kikomo. Mimi sioni hivyo. Muhula anaoutoa muuzaji hautoki katika mfuko wake peke yake. Unatoka pia katika haki ya yule wa pili, ambaye kila siku inayopita humsogeza mbali na kitu alichokitaka kwa kweli. Ukarimu kwa mali ya mwingine hauitwi ukarimu. Katika mnada wa eBay, kwa mfano, mshindi hupewa siku 4, na baada yake muuzaji ana ruhusa ya kuvunja mauzo. Siku 4 zatosha kuwa mpaka kwa aliyenyamaza. Kwa aliyesema, muuzaji anaweza kuongeza kwa hiari yake, lakini ataje tarehe. Na akimgeukia wa pili, amweleze ukweli: mshindi hakulipa, na bei yako ilipandishwa naye; je, bado unakitaka, na kwa kiasi gani? Huenda akapata chini ya 90. Atakuwa amepata bei iliyo safi.

Limebaki suala la kumtangaza mkosaji. Pierre Omidyar, aliyeanzisha mnada huo mwaka 1995, aliweka mwaka uliofuata utaratibu wa wauzaji na wanunuzi kushuhudiana hadharani, kila mmoja amwandike mwenzake kwa wema au kwa ubaya. Lilikuwa wazo la kijiji: jina la mtu liwe dhamana yake. Lakini ushahidi ukageuka silaha. Mnunuzi aliyelalamika alilipiziwa kwa kuandikwa vibaya, na wengi wakaona heri wanyamaze. Mwaka 2008 wauzaji wakaondolewa uwezo wa kuwaandika wanunuzi vibaya. Tangu hapo mnunuzi ana ulimi na muuzaji hana, ijapokuwa mnada wenyewe huweka kumbukumbu ya asiyelipa na unaweza kumfungia mlango.

Wauzaji wengi waliona wameonewa, nami naielewa hasira yao. Hata hivyo naona ndani ya mkasa huo mna funzo. Anayeshuhudia akiwa na kisasi hashuhudii. Aliyelipa siku ya tisa aandikwe kwamba alilipa siku ya tisa. Kumwita mwizi ni kumdai zaidi ya deni lake. Sitara nayo ni haki ya mdaiwa, maadamu hakuifanya pazia la kujifichia.

Sisi watunzi tunalo neno mizani kwa maana nyingine. Mstari ukipungua silabi moja, msikilizaji huhisi kwamba amepunjwa, hata kama hajui kuhesabu. Kauli ya mzabuni nayo ina mizani yake: nusu husemwa kabla ya saa kutimia, na nusu hulipwa baadaye. Ubeti huu nimeutunga kwa ajili ya aliyesema nusu ya kwanza akatoweka:

Ulipotoa kauli, bei ukaipandisha,
Ulijifunga kwa kweli, fundo ukalikazisha,
Kama huna hiyo mali, heri ungefahamisha,
Neno halina badali, kimya hulidhalilisha.

Mwenye kudai na awe mpole kwa anayesema, na asione haya kumfungia hesabu asiyesema. Na mwenye kuzabuni, kabla ya kubonyeza kidole chake usiku, na ajiulize kama angeweza kuitaja bei ile ile mchana, mbele ya dalali anayemjua kwa jina.