Kuumba ama Kuokota

Katika Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kimelala kimondo cha chuma chenye urefu wa takribani mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Habari zake ziliandikwa na mpima ardhi mwaka 1930, ingawa wenyeji hawakuhitaji maandishi hayo ndipo wajue kwamba pana jiwe lisilofanana na mawe mengine. Wakati huo sehemu yake kubwa ilikuwa imezikwa ardhini. Likachimbwa handaki kukizunguka, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake, na nguzo ile ikaimarishwa kwa saruji. Leo mgeni anayefika pale hukiona kizima, kimekaa juu ya kiti chake. Hakuna mtu aliyekifanya. Lakini huko kuonekana kwake ni kazi ya mikono ya watu. Je, sifa ya kile akionacho mgeni iende kwa nani?

Swali hilo limezaliwa upya katika jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina uhusiano na chuma wala handaki. Na uchukuliwe mfano wa karani wa forodha wa Tunduma, mji wa mpakani ambako barabara kuu itokayo Dar es Salaam huingia Zambia. Mchana kutwa karani huyu hushughulika na hati za malori: shaba ije, mafuta yende. Usiku, kabla ya kulala, hufungua kompyuta yake, akatengeneza picha moja ya fraktali, akawapelekea rafiki zake. Kesho yake hufanya vivyo hivyo. Karani ni wa kubuni, ila mazoea yake si ya kubuni. Wamekuwapo watu, mbali na Tunduma, waliotoa picha ya namna hiyo kila siku kwa miaka, bila ya malipo, na bila ya kuagizwa na mtu.

Fraktali ni umbo ambalo kipande chake kidogo, kikikuzwa, huonyesha tena mikunjo ya umbo zima au inayoikaribia. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1975 na Benoit Mandelbrot, mwanahisabati mzaliwa wa Warsaw aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, akalitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya kilichovunjika. Umbo mashuhuri kuliko yote, linaloitwa kwa jina lake, linatokana na hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Huchukuliwa nambari, ikazidishwa kwa nafsi yake, ikaongezwa nambari ya mahali panapochunguzwa. Kisha jibu likarudishwa mwanzo likafanyiwa yale yale, mara mia, mara elfu. Zipo nambari za mahali ambazo hesabu zake hukimbia zisirudi tena, na zipo ambazo hesabu zake hubaki zikizunguka karibu na nyumbani. Mahali pa wanaobaki hupakwa rangi nyeusi. Mahali pa wanaokimbia hupewa rangi kwa kadiri ya hatua walizopiga kabla ya kutoroka. Ndani ya weusi hakuna cha kutazama, na mbali nje hakuna pia. Uzuri wote uko mpakani: mizunguko mfano wa gamba la konokono, matawi mfano wa matumbawe, na katikati ya tawi, kwa mbali mno, lile umbo zima limerudi dogo kama chembe ya mchanga.

Sasa nani mwenye picha? Mfaransa Gaston Julia, aliyepoteza pua yake katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alichapisha mwaka 1918 utafiti mrefu juu ya hesabu za jamii hii bila ya kuwa na chombo cha kumchorea alichokihesabu. Alifariki mwaka 1978. Picha za Mandelbrot zilikuja mwaka 1980. Mwingereza Roger Penrose, katika kitabu chake cha mwaka 1989, alilifananisha umbo hilo na mlima Everest: halikuzushwa na akili ya mtu, lipo tu. Kama ni hivyo, basi karani wa Tunduma ni mtalii mwenye kamera, na hiyo kompyuta ndiyo iliyompandisha mlima mgongoni.

Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Kwanza, rangi hazimo katika nambari. Hesabu husema tu kwamba mahali fulani pametorokwa kwa hatua 40 na pengine kwa hatua 300. Kwamba 40 iwe samawati na 300 iwe zafarani ni shauri la mtu, kama mchapaji wa kanga anavyoshauriana na nafsi yake. Pili, kitu kisicho na mwisho hakiwezi kuonyeshwa chote. Lazima mtu achague asimame wapi, na aghalabu mwenye haraka husimama pale pale waliposimama wote.

Wasomaji wa pwani wana njia yao ya kulifahamu jambo hili. Mwaka 1967 Mandelbrot alichapisha makala iliyouliza pwani ya Uingereza ina urefu gani, na jibu likawa kwamba inategemea kipimo. Na ipimwe Pemba badala ya Uingereza. Mwenye kuizunguka kwa mashua, akipita nje ya ghuba, atapata urefu mmoja. Mwenye kwenda kwa miguu, akaingia kila hori la Wete na Chake Chake na kuipitia mikoko yake, atapata urefu uliozidi. Kaa, anayefuata kila jiwe na kila mzizi, atapata uliozidi huo, na kadiri kipimo kinavyopungua urefu huongezeka. Mandelbrot aliyapata haya kwa Lewis Fry Richardson, Mwingereza wa madhehebu ya Quaker na mpinga vita, ambaye alitaka kujua kama nchi zenye mpaka mrefu baina yao hupigana zaidi. Alipoutafuta urefu wa mpaka wa Uhispania na Ureno alikuta takwimu mbili, kilomita 987 na kilomita 1,214, kwa mpaka ule ule. Hapana aliyesema uongo. Urefu haumo katika pwani peke yake, wala haumo katika hatua ya mpimaji peke yake. Huzaliwa pale wawili hao wanapokutana. Picha ya karani nayo ni hivyo. Mahali palikuwapo kabla yake, lakini kuonekana kwa mahali hapo, kwa ukubwa huo na rangi hizo, hakukuwapo.

Mpaka anaoufanyia kazi mchana una asili nyengine kabisa. Mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani, ule ule ulioikubalia Uingereza iiweke Zanzibar chini ya himaya yake, ndio ulioweka mstari kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika. Tume ya wapimaji ilikuja kuufuata mstari huo ardhini mwaka 1898, yaani miaka minane baada ya kukwisha kugawanywa. Wanyamwanga wakajikuta wako pande mbili, Tunduma na Nakonde, kwa kalamu ya watu ambao hawakuwahi kuiona nchi yenyewe. Huo ndio mstari ulioumbwa, na walioumba hawakuwa na shaka juu ya haki yao. Mstari anaoutazama karani usiku haukuumbwa na yeyote, nao una mikunjo mingi kuliko mpaka wowote duniani. Lingekuwa jambo la kustaajabisha iwapo huo ndio ungewekewa kizuizi na mlinzi.

Hapa kunazuka suala la kushirikiana, ambalo ndilo zito zaidi. Mwenye kutoa picha anaweza kutoa picha tu, na anaweza kutoa pamoja nayo nambari za mahali alipoipata. Akitoa picha tu, mwengine ataitazama na kusifu. Akitoa nambari, mwengine ataweza kufika pale pale na kwenda mbele. Programu ya Fractint, iliyotoka mwaka 1988, ilitengenezwa na watu waliojitolea na ikagaiwa bure. Wenyewe walijiita Stone Soup Group, kwa hadithi ya supu ya jiwe ambayo kila mwanakijiji aliiongezea chake mpaka ikawa chakula. Pwani wangeliita jambo hilo kikoa. Na picha iliyohifadhiwa kwa Fractint ilibeba ndani yake zile nambari za mahali, hivyo mpokeaji aliweza kuifungua na kuendelea. Picha zinazotolewa siku hizi na kompyuta kwa kuambiwa maneno haziko hivyo. Hizo zimefunzwa kwa kazi za watu wengi ambao aghalabu hawakuombwa ruhusa, na njia zilikopita hazifuatiki. Fraktali haikuchukua cha mtu, na njia yake iko wazi kwa anayetaka kuijua.

Washairi wanaifahamu adabu hii. Katika kujibizana, mwenye kuuliza huweka bahari na vina, na mwenye kujibu huvichukua vile vile, akaingia mlango ule ule, akatokea na neno lake. Aliyeuliza hasemi ameibiwa vina, maana vina si vyake. Vilikuwamo katika lugha kabla hajazaliwa. Kilicho chake ni shairi. Ndiyo maana watunzi wa tenzi walizoea kutaja majina yao mwishoni.

Na tuseme karani anakuta picha yake imechapwa kwenye kalenda ya duka, bila ya jina. Amedhulumiwa, lakini ni vyema kuuliza amedhulumiwa nini. Hakuibiwa mahali, mahali hapo hata yeye amepakuta. Hakuibiwa hesabu. Kilichochukuliwa ni uchaguzi wake, rangi zake, na ushahidi kwamba usiku fulani mtu aliyechoka na hati za forodha alikaa akatazama mpaka akapata cha kuonyesha. Mwenye duka angetaja jina, deni lake lingebaki dogo. Karani naye angeyaficha makao ya picha ili asiibiwe, angekuwa kama aliyechimba handaki la kimondo kisha akalifukia baada ya kuchukua picha yake.

Kwa hiyo, chini ya picha ya usiku huu, huandika nambari mbili ndefu na jina lake. Rafiki yake wa Nakonde, upande wa pili, huzichukua nambari zile na kuanza kukuza. Hesabu za kawaida za kompyuta hushika tarakimu kama 16. Zikikwisha hizo, konokono na matumbawe huvunjika yakawa vipande vya mraba. Rafiki hubadili hesabu, akachukua tarakimu zaidi, ambazo huenda polepole mno, akaiacha mashine ikifanya kazi usiku kucha. Asubuhi, malori yakiwa yamekwisha kupanga foleni, picha huvuka mpaka ikamfikia karani, na chini yake nambari zimerefuka, na majina yamekuwa mawili.