Noeli ya Mkatekumeni Ugenini



Evanjeli ya Noeli yaanza kwa safari. Kaisari Augusto alitoa amri watu wote waandikwe, kila mtu katika mji wa ukoo wake. Ndipo Yozefu alipotoka Nazareti pamoja na Maria mwenye mimba, akapanda mpaka Betlehemu. Mji ule ulikuwa mji wa babu zake, walakini hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Mtoto akazaliwa, akalazwa katika hori, mahali pa kulishia mifugo. Baadaye, kwa sababu ya hasira ya mfalme Herode, wazazi wakamchukua usiku, wakakimbilia Misri, nchi ya lugha nyingine na ya miungu mingine, wakakaa huko mpaka Herode akafa. Hivyo Mwana wa Mungu alipokuja duniani alikubali kuwa mgeni.

Neno hili lawahusu watu wengi. Yuko kijana aliyekiacha kijiji akaenda kutafuta kazi katika miji ya migodi. Ziko jamaa zilizokimbia vita. Mwaka 1996 watu wengi wa Kivu walivuka ziwa Tanganyika, wakapewa mahali pa kukaa Nyarugusu, katika nchi ya Tanzania. Noeli huwakuta watu kama hao mbali na kwao. Ngoma waliyoizoea haisikiki. Wazee hawapo, makaburi ya jamaa hayapo. Mama hapika chakula cha sikukuu, kwa maana hana anayemwalika wala hana anayemwalika yeye. Siku hiyo moyo wa mgeni huuliza: Je, Mungu wa kwetu yuko huku pia?

Sikilizeni basi habari ya mtu aliyejibiwa swali hilo. Naye alikuwa mkatekumeni kama ninyi.

Alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika nchi ya Darfur, magharibi ya Sudani. Alipokuwa bado mtoto mdogo, wafanya biashara ya watumwa walimkamata. Miaka ile ile misafara ya namna hiyo ilipita katika Manyema na kando ya ziwa Tanganyika, na wazee wa huko waliijua minyororo yake. Kwa hofu kubwa mtoto akasahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Waliomkamata wakamwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Neno hilo na neno letu «bahati» ni ndugu. Lakini bahati gani? Aliuzwa mara nyingi. Katika nyumba ya ofisa mmoja Mturuki alichanjwa chale 114 kwa wembe, na vidonda vikatiwa chumvi. Hata hivyo mtoto yule alilitazama jua, na mwezi, na nyota, akajiuliza ni nani Bwana wa vitu vizuri hivi. Alitamani kumjua, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Mwaka 1883 konsuli wa Italia katika mji wa Khartoum alimnunua, naye hakumpiga. Mwaka 1885 konsuli huyo alirudi Ulaya, Bakhita akaomba kufuatana naye. Huko akapewa jamaa nyingine, akawa yaya wa mtoto wao mdogo wa kike. Msimamizi wa mali ya jamaa hiyo akamzawadia msalaba mdogo wa fedha. Bakhita hakumjua bado aliyesulibiwa juu yake, lakini aliutunza sana. Mwaka 1888 mama wa mtoto alipotaka kwenda kwa mumewe, penye bandari ya Suakin katika Sudani, aliwaacha Bakhita na mtoto kwa masista Wakanosa wa mji wa Venezia, katika nyumba ya kuwafundishia wakatekumeni. Hapo Bakhita akaambiwa jina la yule Bwana wa jua na nyota.

Mwaka uliofuata bibi akarudi kuwachukua. Fikirini vema njia mbili zilizokuwa mbele ya Bakhita. Akienda, atabaki pamoja na mtoto aliyemlea na kumpenda. Atakula, atavaa, atakaa na watu anaowajua. Na Sudani ni upande wa kwao. Akikataa, atabaki peke yake katika nchi ya baridi, bila mzazi, bila ndugu, bila mali. Lakini akienda, mafundisho yatakatika, na Ubatizo utapotea. Bakhita akakataa. Bibi alikasirika, mtoto alilia, na Bakhita mwenyewe aliumia moyo, kwa sababu aliwapenda. Walakini hakugeuka. Shauri likapelekwa kwa wakubwa wa Kanisa na wa serikali. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haijui utumwa, na kwamba Bakhita ni mtu huru, akae atakapo.

Siku mbili baadaye Majilio yakaanza.

Basi Noeli ya mwaka 1889 ilimkuta Bakhita katika Venezia, mji uliojengwa juu ya maji, ambamo watu hupita kwa mitumbwi kama wapitavyo wengine njiani. Alikuwa mgeni mara mbili. Alikuwa mgeni katika nchi, na alikuwa mgeni katika Kanisa, kwa maana alikuwa hajabatizwa bado. Mkatekumeni ajua maana ya jambo hili. Usiku wa Noeli Wakristu huinuka kwenda kwenye meza takatifu, naye hubaki mahali pake. Aona karamu, lakini saa yake haijafika. Kukaa hivyo ni kungoja mlangoni pa nyumba ya Baba, wala si aibu. Wachungaji nao walisimama mlangoni kabla ya kuingia.

Tarehe 9 Januari 1890, siku ya tatu baada ya Epifania, Kardinali wa Venezia alimbatiza. Tangu siku ya kuwa huru hata siku ya Ubatizo zilipita siku 41. Siku ile ile alipokea Kipaimara na Komunyo ya kwanza. Katika majina yake mapya liliwekwa Fortunata, ambalo katika lugha ya Italia ni Bakhita lile lile: mwenye bahati. Jina alilopewa na wanyang'anyi, Mungu alilifanya kuwa kweli. Baadaye mara nyingi alionekana akikibusu kisima cha Ubatizo, kwa kuwa hapo alifanywa mwana wa Mungu. Mwaka 1896 aliweka nadhiri za kitawa. Alifariki tarehe 8 Februari 1947 katika mji wa Schio, na tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mtakatifu.

Mkatekumeni atapata nini katika habari hii? Mambo mawili.

Jambo la kwanza ni kwa yule atakayekuwa ugenini siku ya Noeli. Ugeni una majaribu yake. Mtu asiyejulikana hujiambia: Hapa hakuna anionaye. Huzuni humpeleka kwenye pombe, na hofu humrudisha kwenye hirizi alizoziacha. Au husema: Nitaendelea na mafundisho siku nitakaporudi kwetu, na siku hiyo haifiki. Bakhita hakusema hivyo. Basi mkatekumeni anayesafiri achukue barua ya padri au ya katekista wake. Akifika, kabla ya kuuliza soko liko wapi, aulize kanisa liko wapi. Mungu aliye katika hori la Betlehemu hana nchi ya ugeni.

Jambo la pili ni kwa wenyeji. Bakhita aliufikia Ubatizo kwa mikono ya watu: mmoja alimpa msalaba, masista walimpa makao na mafundisho, waamuzi walimtendea haki. Wahenga husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine hulitumia neno hili ili kumfukuza mgeni. Lakini ampaye mgeni jembe bila kumwonyesha shamba, amempa nini? Jembe la kweli huenda pamoja na kipande cha ardhi, mbegu, na jirani wa kulima naye. Katika kila kijiji kuna nyumba ya mtu aliyekuja juzi. Kabla ya usiku wa Noeli aende mmoja amwite, amkalishe karibu naye kanisani, amwambie maneno ya nyimbo asizozijua, na baada ya Misa amlishe katika sahani moja na watoto wake. Afanyaye hivyo amewafungulia Maria na Yozefu mlango uliofungwa Betlehemu.

Mtakatifu Bakhita, aliyengoja Noeli moja mlangoni na sasa yumo ndani ya nyumba, awaombee wakatekumeni wote, walio kwao na walio ugenini, hata siku ya Ubatizo wao.