Haki ya Asiyeonekana Uwanjani

Swali la nani anastahili kuchaguliwa ni la zamani kuliko mpira wowote. Hapa Nyakuron, mtaa wa Juba, limepata sura ya mpira wa kikapu. Jioni, kwenye vibanda vya chai vilivyo jirani na Kituo cha Utamaduni, watu hubishana nani avae jezi ya Bright Stars, timu ya taifa ya Sudan Kusini, na nani aachwe. Mabishano huanza kwa Kiarabu cha Juba. Wakiongezeka madereva wa boda kutoka Uganda, wenye maduka kutoka Kenya na Kongo, na sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, yanahamia Kiswahili bila mtu kuomba. Mimi ni mwalimu na katekista. Huwa nasikiliza kwa makini, kwa sababu ninayoyasikia pale ndiyo ninayoulizwa na wanafunzi wangu wa katekesi: Mungu huchagua vipi, na kwa nini si mimi?

Fundi viatu mmoja, mtu mzima tunayemwita Mzee, ana msimamo usioyumba. Kwake jezi ni ya waliobaki. Vita vilipozuka Juba Desemba 2013, vikarudi tena Julai 2016, wapo vijana ambao hawakuwa na pa kukimbilia, na risasi ziliponyamaza walirudi kurusha mpira juani kwenye uwanja wa saruji wa Nimra Talata. Hao, anasema Mzee, ndio waliolipa bei ya jezi ile. Waliokulia Melbourne, Minnesota na London wamekuta chakula kimeshapakuliwa.

Dereva wa boda humjibu kwa adabu lakini bila kurudi nyuma: “Mzee wangu, kikapu hakiulizi ulilala wapi wakati wa vita. Mpe anayeweza.”

Kijana huyo ana ushahidi wa kutosha. Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na kujiunga na FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, mwaka 2013. Miaka 10 baadaye ilikuwa kwenye Kombe la Dunia la 2023, ikaifunga China 89-69, ikaifunga Angola 101-78, na kwa ushindi huo ikapata tiketi ya Olimpiki. Tarehe 20 Julai 2024, mjini London, iliisumbua Marekani katika mechi ya kirafiki hadi sekunde za mwisho, LeBron James alipofunga kikapu kilichoiokoa timu yake kwa 101-100. Siku nane baadaye, kwenye Michezo ya Olimpiki, ikaifunga Puerto Rico 90-79. Wengi katika kikosi kile walikulia nje ya nchi. Aliyeongoza mchezo, Carlik Jones, ni Mmarekani aliyezaliwa Cincinnati. Kanuni za FIBA huruhusu kila timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16, na nafasi hiyo moja akapewa yeye. Wakati huo nyumbani hatukuwa hata na ukumbi mmoja wa ndani wa kuchezea. Luol Deng, mzaliwa wa Wau aliyekimbia utotoni, akacheza Marekani kwa miaka mingi na kuongoza shirikisho letu tangu 2019, alitoa fedha zake mwenyewe ili timu ipate mahali pa kufanyia mazoezi.

Juu ya swali la uwezo, naanza kwa kusimama na kijana wa boda. Aristotle alifundisha kwamba filimbi bora wapewe wanaopiga filimbi vizuri zaidi, hata kama wapo wenye nasaba kubwa au sura nzuri kuwapita, maana filimbi ipo ili ipigwe vizuri. Katika nchi yetu fundisho hilo lina uzito. Nimemwona kijana mwenye cheti kizuri akienda kuomba kazi, na kabla cheti hakijafunguliwa ameshaulizwa babu yake ni nani. Tumezika watu wengi kwa sababu ya swali hilo. Kwa hiyo ninapoona Mdinka, Mnuer, Mshiluk na Mbari wakishangilia pasi moja mbele ya televisheni moja, jenereta likinguruma nyuma yao, naamini kwamba kumchagua mtu kwa uwezo wake ni tendo la amani. Hata Carlik Jones asituudhi. Mathayo anapoorodhesha ukoo wa Yesu anamtaja Ruthu, mwanamke Mmoabu, mgeni aliyefuatana na mkwewe na kuwafanya watu wa mkwewe kuwa watu wake. Bila mgeni yule hakuna Daudi.

Lakini Mzee naye ameshika jambo ambalo takwimu za mechi hazilifuti. Filimbi bora apewe mpigaji bora, sawa. Je, nani alipewa filimbi ya kujifunzia? Mtoto wa Minnesota ana ukumbi wenye paa shuleni, kocha anayelipwa, viatu vya kuchezea na ligi ya watoto wa umri wake. Mtoto wa Nyakuron ana mpira mmoja unaogombewa na watu arobaini, na mvua ikinyesha mchezo umekwisha. Ukiwaweka wawili hao siku moja mbele ya kocha, ukasema ashinde anayeweza, umepima kwa haki siku hiyo tu. Miaka kumi iliyoitangulia hujaipima.

Hapo ndipo ninapofungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16. Nabii anatumwa Bethlehemu nyumbani kwa Yese kumpaka mafuta mfalme mpya. Anapitishwa mbele yake Eliabu, mrefu na mwenye umbo la kuvutia, na Samweli anadhani amempata. Mungu anamkataza asitazame urefu wa mtu. Wanapita wana saba, hakuna anayekubaliwa. Mahubiri mengi niliyoyasikia husimama hapo, kwenye moyo na sura. Mimi husoma hatua inayofuata mara mbili. Samweli hakumchukua aliyekaribia kufaa miongoni mwa waliokuwepo. Alimuuliza Yese kama wanawe wamekwisha. Alipoambiwa kwamba mdogo wao, Daudi, yuko malishoni na kondoo, alisema hataketi mpaka kijana huyo aletwe.

Yese hakuwa mtu mbaya. Alileta watoto aliodhani wanafaa kuletwa, na yule mwingine alikuwa na kazi. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyokosa kuchaguliwa duniani: hakuna aliyewapima akawakataa, jina lao tu halikufika mezani. Wala Daudi hakuwa amejifunza kombeo siku ile. Alikuwa nalo tayari huko malishoni. Ilibaki mtu wa kumwita.

Katika timu yetu pia yupo aliyeitwa hivyo. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek mwaka 2006, familia ikakimbilia Uganda, naye alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 13. Kutoka Uganda alipelekwa kwenye akademia ya NBA nchini Senegal, akacheza Olimpiki akiwa na miaka 17, akaenda Chuo Kikuu cha Duke, na Juni 2025 akachaguliwa wa 10 katika drafti ya NBA, ambako timu za ligi ya Marekani huchagua wachezaji wapya, na kutua Phoenix Suns. Senegal haikumpa urefu wala kipaji. Vyote viwili alikuwa navyo alipokuwa Uganda, na kuna mtu aliyemwona. Kila anapotajwa kibandani, watu husema Mungu amembariki. Nakubali. Nikirudi darasani namtazama msichana mmoja anayerusha vizuri kuliko kaka zake wawili, ambaye kila siku saa kumi jioni, mazoezi yakiwa yanaanza, hubeba mtungi kwenda kuteka maji. Wanawake wa Sudan Kusini walipata shaba huko Abidjan mwaka 2025, katika AfroBasket yao ya kwanza. Msichana wangu hakuiona mechi hata moja. Yuko malishoni.

Mfano wa mwenye shamba la mizabibu, katika Mathayo 20, nao hutajwa sana na wanaowatetea waliochelewa kuja: aliyeingia kazini saa ya kumi na moja alipewa ujira sawa na aliyeanza alfajiri. Kwa wenzetu wa Melbourne ni faraja ya kweli, na sitaki kuwanyang'anya. Lakini tajiri yule alifanya jambo jingine kabla ya kulipa. Alikwenda sokoni alfajiri, akaenda tena asubuhi, adhuhuri, alasiri, na tena jua likikaribia kutua. Alipowauliza wale wa mwisho kwa nini wamekaa bure, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Anayepita Juba asubuhi amewaona wanaume wakiwa wamekaa kando ya barabara wakisubiri kibarua, na anajua kwamba wengi wao si wavivu. Ukarimu wa tajiri yule ulianza miguuni, kwa kurudi pale alipokwisha kupita.

Hata Wamarekani, katika ligi yao ya fedha nyingi, wamekubali kwamba uchaguzi huru peke yake hautoshi. Katika drafti ya 2025 timu 14 zilizokosa mchujo ziliingizwa kwenye kura, na zile tatu zilizofanya vibaya zaidi zilipewa kila moja nafasi ya asilimia 14 kupata chaguo la kwanza. Aliye dhaifu anasogezwa mbele. Lengo lao ni biashara ya ushindani, lakini utaratibu wenyewe umekiri kwamba aliyeanguka akiachwa bila msaada ataendelea kuanguka.

Na aliyeachwa je? Kura inanikumbusha Matendo ya Mitume, sura ya 1. Nafasi ya Yuda ilipokuwa wazi, walisimamishwa wawili, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathia. Wote wawili walikuwa na sifa, wote walikuwapo tangu mwanzo. Kura ikamwangukia Mathia. Barsaba hapewi lawama yoyote, na hakuna neno kwamba aliondoka kwa hasira. Wanafunzi wangu huwa nawaambia wamweke Barsaba karibu na mioyo yao. Kuachwa kwenye orodha ya watu 12 si hukumu juu ya thamani ya mtu. Hukumu ya namna hiyo kocha hana mamlaka ya kuitoa, na shabiki anayemtukana kijana aliyeachwa, au aliyechaguliwa akakosa mtupo, anajitwalia kiti kisicho chake. Lakini Barsaba alipata jambo ambalo msichana wangu wa mtungi hajalipata: jina lake lilitajwa, na alisimamishwa mbele ya watu.

Basi Mzee na kijana wa boda, kwa maoni yangu, kila mmoja ana nusu ya haki. Jezi apewe anayeweza, awe amelala Gudele hapa Juba au Melbourne. Deni la waliobaki ni la kweli, lakini halilipwi kwa kumpa mmoja wao jezi ya huruma. Hulipwa kwa viwanja, makocha wa mitaani, mipira ya kutosha, maji karibu na nyumba, na kocha wa taifa anayefika Bentiu, Yambio na Torit kabla ya kufungua daftari la majina.

Wewe mwenye kuchagua, iwe timu, wafanyakazi, viongozi wa kwaya au watoto wa kupewa karo, usitangaze orodha kabla hujauliza nani hakuletwa mbele yako na nani amemzuia. Ukishauliza, nenda ukamtafute kabla ya kuketi. Ukimpima ukamkosa, mwambie kwa heshima. Timu iliyopatikana hivyo, ishinde au ishindwe, ni timu ya haki, na sisi wa Nyakuron tutaishangilia wote.