Nyuzi za Rangi ya Samawi

JUMATANO

Soma Hesabu 15:37–41. Waisraeli waliagizwa kuvaa nini kwenye ncha za nguo zao, na kwa kusudi gani?

Watu hawa walikuwa wameisikia sauti ya Bwana pale Sinai, na kila siku sita kati ya saba waliokota mana. Hata hivyo Bwana alijua kwamba walichosikia kwa masikio kingewatoka wakiwa njiani. Akawapa kitu cha kuona na kushika: kishada chenye uzi wa samawi. Baadaye aliagiza maneno yake yaandikwe kwenye miimo ya nyumba (Kumbukumbu la Torati 6:6–9), na walipovuka Yordani wakasimamisha mawe kumi na mawili (Yoshua 4:1–7). Katika mafungu haya yote, anayehitaji ukumbusho haitwi mvivu.

Sasa mfikirie msichana wa kidato cha tatu. Anafungua daftari la Biolojia, anakumbuka kwamba hajajaza ndoo, anaenda bombani, na huko anasahau ndoo na Biolojia pia. Akitumwa chumvi na sabuni, hurudi na sabuni. Darasani hasumbui mtu; anatazama dirishani tu, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Kwenye ripoti yake walimu huandika kila muhula kwamba angefaulu kama angejitahidi. Amechapwa. Amewekewa mikono ili pepo wa usahaulifu amtoke. Anapopiga magoti huanza vizuri, lakini kabla ya kufika amina mawazo yameshafika kwa shangazi yake. Naye amekata shauri kimyakimya kwamba mtu asiyeweza hata kusali hajaongoka, basi ameacha kuhudhuria darasa la ubatizo.

Huenda msichana huyu ana upungufu wa umakini, hali ambayo madaktari huiita ADHD. Huanza utotoni, na inahusu jinsi ubongo unavyosimamia kuanza kazi, kuishikilia na kukumbuka kinachofuata. Mara nyingi hurithiwa. Baba anayemchapa binti kwa usahaulifu huenda ndiye aliyemrithisha. Kinachowachanganya wazazi ni kwamba binti huyohuyo anaweza kusuka nywele saa tatu bila kuinua kichwa. "Basi anafanya makusudi," husema. Lakini kazi anayoipenda humvuta yenyewe. Kazi inayochosha humtaka ajivute mwenyewe, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Sura hiyohiyo ya Hesabu 15 inamtenga anayekosa pasipo kujua na anayekosa kwa jeuri (mafungu ya 27–31). Ikiwa Mungu alipima tofauti hiyo hata katika dhambi, mzazi anawezaje kuipuuza katika jambo ambalo si dhambi?

Si kila mwanafunzi msahaulifu ana hali hii. Usingizi mchache, njaa, msiba na masikio yasiyosikia vizuri huleta dalili zinazofanana. Kwa hiyo apelekwe hospitali yenye huduma ya afya ya akili, ambako wataalamu watauliza habari za utoto wake, za nyumbani na za shuleni pia. Daktari akiandika dawa, itumiwe kama alivyoelekeza. Wanaosema kwamba kidonge ni kukosa imani, wengi wao wamevaa miwani wakisema hivyo.

Vishada vya mwanafunzi ni vitu vya kawaida kabisa. Daftari dogo moja la kuandikia kila zoezi, lisilotoka kwenye begi. Agizo moja kwa wakati, na likiwezekana liandikwe. Asome dakika 15 au 20, ainuke, kisha arudi. Simu ikae chumba kingine. Wengi husaidiwa kwa kuwa na mtu mwingine anayesoma meza hiyohiyo, hata kama hawasemezani. Mzazi asichoke kukumbusha, na akumbushe bila dhihaka, kwa kuwa dhihaka ndiyo itakayokumbukwa.

Kuhusu sala, soma Nehemia 2:1–5. Mfalme ameuliza, Nehemia bado hajajibu, na katikati hapo ameomba. Hakukuwa na nafasi ya kupiga magoti, na sala ile ilisikiwa. Msichana huyu anaweza kusali kwa sauti akitembea uani, au kuiandika sala yake mstari kwa mstari. Mawazo yakimtoroka mara kumi, atakuwa amemrudia Mungu mara kumi katika sala moja.

Mjadala darasani: Katika Shule ya Sabato yenu, ni nani husomewa lesoni tangu mwanzo hadi mwisho bila kuulizwa chochote, kisha hulaumiwa kwa kutosikiliza? Mtabadilisha nini Sabato hii? Na yule aliyeacha darasa la ubatizo, nani ataenda kumwona kwao kabla ya Ijumaa?