Kompyuta Inajuaje Mtoto Anavyopaswa Kutembea?

Kijana mwenzangu, leo tuongelee kitu ambacho huenda hujawahi kukiwaza ukiwa kanisani: misuli ya nyuma ya paja.

Mfikirie mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayetembea magoti yamekunjika, kama mtu aliyetaka kukaa halafu akaghairi. Kwa miaka mingi madaktari wa upasuaji walipomwona mtoto wa namna hiyo walisema misuli ya nyuma ya paja ni mifupi, inavuta goti, basi tuirefushe. Inaingia akilini kabisa. Lakini misuli hiyo inapita kwenye maungio mawili, goti na nyonga. Mtoto akitembea hivyo, nyonga nayo imekunjika. Kwa hiyo misuli inafupika upande wa goti na wakati huohuo inavutwa upande wa nyonga. Sasa mwisho wa yote ni mirefu au mifupi? Kwa macho tu huwezi kujua.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Mtoto anabandikwa vidude vidogo vinavyorudisha mwanga, anatembea mbele ya kamera, na sakafuni kuna mizani inayopima anavyokanyaga. Vipimo hivyo vinaingizwa kwenye modeli, yaani mwili wa kwenye hesabu, wenye mifupa na misuli yake. Scott Delp na wenzake walichapisha modeli ya mguu mwaka 1990, na mwaka 2007 timu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ikatoa OpenSim, programu ambayo yeyote anaipakua bure. Modeli hizi zilionyesha kwamba watoto wengi wanaotembea hivyo, misuli yao si mifupi kuliko ya wengine. Kuirefusha bila sababu kunaweza kuipunguzia nyonga nguvu, mtoto akatoka chumba cha upasuaji na tatizo jipya.

Wapo wanaosema kumgeuza mtoto kuwa namba ni kumdharau, maana mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, si mashine. Mimi sikubali. Dharau kubwa zaidi ni kumhurumia mtu bila kumwangalia. Tunamwombea mtoto pale mbele, tunasema ni mapenzi ya Mungu, tunarudi kwenye mabenchi yetu, na hakuna aliyemuuliza goti linamuuma wapi. (Na ngazi za kanisa ziko palepale, ila hayo tuyaache kwa leo.) Yule mtafiti anayehangaika siku nzima na milimita za msuli wa mtoto asiyemjua, huyo amemwangalia. Hata kama hasali.

Ila modeli nayo ina mahali inapokwama. Goti moja linavutwa na misuli mingi, na hatua ileile inaweza kupigwa kwa kugawana kazi kwa namna nyingi mno. Ili ipate jibu, mara nyingi programu huambiwa kwamba ubongo huchagua njia ya jasho kidogo. Kwa mtu ambaye ubongo wake unatuma amri tofauti, misuli inayopingana ikikaza kwa pamoja, dhana hiyo haimtoshi. Watafiti wanalijua hilo vizuri.

Lakini kuna zaidi ya hapo. Lengo lenyewe halitoki ndani ya kompyuta. Ni mtu analiingiza. Mwendo mzuri ni upi? Unaofanana na wa wengine? Usiochosha? Au unaomfikisha shuleni bila kuanguka? Kuna mtoto ambaye angechagua kiti cha magurudumu chenye kasi kuliko operesheni juu ya operesheni ili tu atembee kwa kupendeza machoni petu. Je, amekosea? Mimi sioni kosa lake.

Soma Yohana sura ya 5. Kando ya birika la Bethzatha amelala mtu aliyeugua miaka 38, na Yesu anamwuliza kama anataka kupona. Swali la ajabu, karibu la kukera. Nani asingetaka? Lakini Bwana hakumchagulia; alimwuliza kwanza. Na yule mtu, ukiangalia vizuri, hakujibu ndiyo wala hapana. Alisema hana mtu wa kumtia majini.