Wanaoondoa Mawe

Mzee mmoja wa kanisa letu hapa Minnesota ana skana, kile kiredio cha kunasa mawasiliano ya watu walio kazini. Wengine hupenda kusikiliza polisi. Yeye husikiliza watu wa barabara, wale wanaoondoa theluji. Usiku mmoja wa theluji nilikaa naye. Hakuna cha kusisimua. Dereva anataja namba ya lori lake, anasema I-35 kuelekea kusini inateleza pale darajani, maana daraja hupigwa na baridi juu na chini na huganda kabla ya barabara. Aongeze chumvi? Mwenzake anamwambia amwage mchanga. Baridi ikizidi nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi huanza kushindwa kuyeyusha barafu. Kimya. Kisha sauti nyingine: kuna ngazi imeanguka katikati ya njia, anasimama aitoe.

Ngazi ile ilinipeleka Isaya 62, mstari wa 10. Tumezoea kuuhubiri upande wa wanaopita, watu wa Mungu wakirudi kwao kwa shangwe. Lakini sehemu kubwa ya amri za mstari ule wanapewa watengeneza njia, wale wa kuondoa mawe. Nabii hawataji majina. Wala hakuna anayewashukuru, kwa kuwa jiwe lililokwisha kuondolewa halimkwazi mtu, na asiyejikwaa hana habari.

Tangu 2021 wananchi wa jimbo hili hupiga kura kuyapa malori ya theluji majina ya mzaha. Sina neno, watu wacheke. Ila lori lina jina, na dereva wake hewani ni namba tu.

Skana haina kitufe cha kujibu. Huwezi hata kumpa pole yule aliyeshuka gizani kuokota ngazi. Mimi naona maombezi huanzia hapo: umesikia shida ya mtu asiyekujua, huna la kumfanyia ila kumtaja mbele za Mungu, hata kwa namba, kama ndiyo unayoijua.

Wengi wetu huondoka nyumbani kabla ya alfajiri kwenda zamu, hospitalini na viwandani, tukakuta njia imeshapitiwa. Jumapili hii tutawaombea watu wa barabara kwanza, wasafiri baadaye. Na ukilikuta lori lao mbele yako, kaa nyuma yake, usilipite. Ukichelewa ibada kwa sababu hiyo, mimi sitauliza.